Nimepata kazi mgodini Elko, Nevada. Nihamishe familia kutoka Dallas au niache?

Spana17
Wakuu, habari za majukumu. Nina jambo limenikaa kichwani siku tisa sasa, na Ijumaa ijayo natakiwa niwe nimejibu.

Mimi ni fundi mitambo. Nilianzia mgodini, Kanda ya Ziwa, mpaka mwaka 2017 lilipokuja zuio la kusafirisha makinikia (ule mchanga wenye madini) nje ya nchi na wengi wetu tukapunguzwa. Bahati nasibu ya grini kadi ikanikuta kijiweni Kahama, nikaja huku. Niko Dallas mwaka wa sita, nafungua injini za malori kwenye gereji kubwa kwa dola 29 kwa saa, na kila wiki nakamua ovataimu ya saa 10. Mke ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba ya wazee, saa 30 kwa wiki kwa dola 19. Watoto wawili, miaka 9 na miaka 4.

Sasa kampuni ya kandarasi inayohudumia migodi ya dhahabu kule Nevada imenipa ofa ya dola 41 kwa saa. Mitambo ni ile yenyewe, madampa ambayo tairi moja limemzidi mtu mara mbili kwa urefu. Kusema kweli hiyo ndiyo kazi yangu, haya malori nayafanya kwa sababu watoto lazima wale. Kituo ni Elko. Nimefungua ramani: watu 20,000 na ushei, Salt Lake City iko kilomita 370 mashariki, Reno kilomita 465 magharibi, katikati ni nyika na milima mitupu. Zamu ni siku nne kazini, nne nyumbani, saa 12 kwa siku, usiku na mchana kwa kupokezana. Wanatoa dola 5,000 za kuhamia.

Naomba kujua: hela inalipa? Baridi ikoje? Kuna yeyote humu amewahi kuishi mji wa namna hiyo huku Magharibi? Nahitaji majibu ya watu wanaojua, kejeli mniwekee mpaka Jumamosi.

Mzukulu_wa_Pili
Kumbe hata Marekani watu wanapangiwa Kibondo!

Ngosha Mtupu
Dola 41 kwa saa na unaomba ushauri? Hela haina baridi mkuu. Ukishindwa kwenda nitumie mimi hiyo barua, nitabadilisha jina.

Baharia wa I-80
Ndugu Spana, mimi mtu wa Kisauni, naendesha lori baina ya Chicago na Oakland, na Elko nalala mara mbili kwa mwezi, haipungui. Nitakueleza ya barabarani. Ya majumbani sina ilimu nayo.

Ukitoka Salt Lake City wapita kwanza lile jangwa la chumvi, jeupe pee, hakuna hata mti wa kumfunga mbuzi. Ukishaipita Wendover saa yarudi nyuma kwa saa moja. Kisha wapanda Pequop, mita zaidi ya 2,100 juu ya bahari, na hapo ndipo penye kazi. Mwezi huu wa Januari upepo wasukuma theluji mpaka huoni boneti yako mwenyewe. Kuna usiku askari wafunga barabara, twalala Wells malori yamepangana, injini zawaka mpaka asubuhi.

Mji wenyewe si mbaya. Milima ya Ruby iko nyuma yake, ukiiona jua likizama wasahau matatizo yako kidogo. Kasino ndani ya hoteli. Saa kumi na moja alfajiri utaona mabasi ya wachimbaji, watu wapanda na mikoba ya chakula, kimya kama waenda mazikoni. Hewa ni kavu, midomo yapasuka, pua yatoka damu. Beba mafuta ya nazi na usinicheke.

Na kuna Wabaski, watu wa milima baina ya Uhispania na Ufaransa, mababu zao walikuja kuchunga kondoo. Mikahawa yao wapakua kwa mabakuli makubwa, wakaa meza moja na usiowajua, supu yazungushwa. Hapo nimelishwa nikashindwa kumaliza. Lakini uliza nyama gani kabla hujatia mkono, nguruwe ni mwingi.

Spana17
@Baharia shukrani sana, hii ndiyo aina ya jibu ninayoitaka. Mabasi ya alfajiri nayajua, hata kule nyumbani tulikuwa tunapanda gizani.

Kwa wanaoshangaa kwa nini Elko: pale ndipo penye ule ukanda wa Carlin. Dhahabu yake wataalamu waliigundua mwaka 1961 na mgodi ukaanza 1965. Ni dhahabu ndogo ndogo isiyoonekana kwa jicho. Ungempa mchimbaji wetu wa Geita karai na maji angepepeta mpaka jioni asiambulie kitu na kumbe amekaa juu ya utajiri. Ndiyo maana mashimo ni makubwa vile na mitambo ni mikubwa vile: unabeba mlima mzima kwa ajili ya gramu chache. Na kampuni ya Barrick, hao hao wenye asilimia 84 kwenye migodi ya Bulyanhulu na North Mara huku serikali yetu ikiwa na 16, kule Nevada wanashika asilimia 61.5 na wenzao Newmont wanashika zilizobaki. Kwa hiyo kwa upande wa kazi ni kama nimerudi nyumbani kupitia mlango wa nyuma.

Mjukuu wa Omukama
Mkuu, Juni 2023 mji huo huo wa Elko ulivamiwa na wadudu wanaowaita Mormon crickets, yaani nyenje wa Mormoni. Mamilioni. Wakafunika barabara, kuta, milango, mpaka wafanyakazi wa hospitali wakatolewa na mafagio na mashine za kupuliza majani ili wagonjwa waingie. Barabara ziliteleza kwa sababu mdudu akikanyagwa na gari wenzake wanakuja kumla, nao wanakanyagwa.

Nimefuatilia kwa uchungu mkubwa kwa sababu kitaalamu wale siyo nyenje, ni wa ukoo mmoja na senene. Tofauti ni kwamba hawapai angani. Senene wanaotembea kwa miguu kuja mlangoni kwako, na watu wanawafagia! Nenda mkuu. Nenda na sufuria.

Spana17
Nilisema kejeli Jumamosi.

Mjukuu wa Omukama
Hiyo siyo kejeli, ni fursa ya biashara.

Shangazi_Theluji
Mwanangu Spana, hujambo. Mimi niliishi Gillette, Wyoming, miaka miwili. Ule ni mji wa makaa ya mawe, umeuzidi huo wako kwa ukubwa lakini maisha ni yale yale. Nilikuwa nauguza hospitalini. Nitasema niliyoyaona na wewe utachambua.

Watu si wabaya. Gari likikwama kwenye theluji, mtu wa tatu kupita atasimama, ana mnyororo nyuma, atakuvuta na hatapokea hela. Mtoto akiugua jirani ataleta chakula. Ubaguzi? Mara moja tu nilitukanwa usoni kwa miaka miwili, na mara nyingi sana nilitazamwa. Kutazamwa kunachosha kuliko tusi, maana tusi linakwisha. Wewe ndiye Mwafrika wao. Ukinunua bia Ijumaa, Jumapili kanisani wanajua.

Lakini hilo siyo lililonitoa. Kuna Jumatatu moja nilikwenda dukani, dada wa kaunta akanisalimu, nikafungua kinywa kumjibu na sauti haikutoka, ikawa kama mlango usiopakwa grisi. Nikakohoa. Ndipo nikagundua kwamba tangu Ijumaa jioni nilipotoka kazini sikuwa nimesema neno hata moja kwa sauti. Nilikuwa nimetuma ujumbe, nimesikiliza sauti za dada zangu kwenye WhatsApp, nimeandika, nimecheka peke yangu. Kusema, hapana.

Na mimi nilikuwa na kazi. Nilikuwa na mahali pa kuvaa nguo na kwenda. Sasa nakuuliza: wewe utakuwa mgodini saa 12, ongeza basi kwenda na kurudi, karibu saa 14 uko nje. Ukitoka zamu ya usiku ile siku ya kwanza ya mapumziko unalala kama gogo, kwa hiyo nne zako ni tatu. Mama watoto anasemaje?

Spana17
Shikamoo Shangazi, asante sana. Mke hana shida, yeye tunakwenda pamoja popote. Ni mtu wa kujichanganya.

Shangazi_Theluji
Marahaba. Hana shida, au hujamuuliza?

Mzukulu_wa_Pili
Naweka kiti.

Spana17
Tumeongea kwa juu juu. Sikutaka kumpa presha kabla sijapata picha kamili. Anajua kuna ofa.

Kuhusu nyumba: nimeambiwa pango ni gumu, wengine wanaishi Spring Creek nje kidogo ya mji kwenye nyumba za trela. Vyumba viwili nimetajiwa dola 1,650. Dallas nalipa 1,480.

Mhasibu wa Kijiweni
Mkuu, umebeba 41 ukatoa 29, ukaona umeongezewa 12 kwa saa. Ngoja tuvae miwani.

Siku nne ndani nne nje, maana yake kuna wiki ya zamu 3 na wiki ya zamu 4: saa 36 au saa 48. Wiki ya saa 36 ni dola 1,476. Wiki ya 48, ukihesabu saa 8 za ovataimu kwa 61.50, ni 2,132. Wastani wako ni 1,804 kwa wiki. Sasa rudi Dallas: saa 40 kwa 29 ni 1,160, ongeza ovataimu yako saa 10 kwa 43.50, ni 435. Jumla 1,595. Tofauti ni dola 209 kwa wiki kabla ya kodi. Pango peke yake litakula kama 40 kati ya hizo.

Tumalize. Mkeo analeta 570 kila wiki. Akihamia Elko akakaa bila kazi, nyumba yenu haijaongezewa kitu. Imepungukiwa 361 kwa wiki, na hapo sijahesabu pango wala sembe.

Spana17
Dah.

Lakini Nevada hakuna kodi ya mapato ya jimbo.

Mhasibu wa Kijiweni
Na Texas nayo haina. Umetoka pale pale.

Ngosha Mtupu
Narudisha maneno yangu. Barua baki nayo.

Kamanda_Usalama
Mimi niko kwenye mambo ya usalama migodini huku, sitaingia ya ndoa. Mambo mawili tu. Sheria ya shirikisho inamtaka mgeni wa mgodi wa juu apate mafunzo ya saa 24 kabla ya kuanza, wa chini ya ardhi saa 40, na kila mwaka saa 8 za kujikumbusha. Uliza nani analipa siku hizo, maana baadhi ya makandarasi wanataka uje na cheti chako mkononi.

La pili, hizo dola 5,000. Isome karatasi yake mpaka mwisho. Mara nyingi kuna mstari kwamba ukiondoka kabla ya miezi 12 unazirudisha zote. Hizo hujapewa, umekopeshwa.

Spana17
Nimetoka kuisoma sasa hivi. Upo huo mstari. Ukurasa wa 6, maandishi madogo.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, hamjambo. Sijafika Marekani. Ila mwaka 1986 nilipangiwa shule moja karibu na Namanyere, Rukwa, nikiwa nimeoa miezi minne tu, na mke wangu ni Msambaa wa Korogwe. Tulisafiri siku nyingi kwa treni, lori na miguu. Mimi nikapokewa vizuri, nilikuwa na wanafunzi, walimu wenzangu, chaki mkononi, kila mtu ananiita mwalimu. Yeye alikuwa na nyumba ya bati na mimi.

Alikaa miezi mitatu. Hatukugombana hata siku moja. Siku hiyo nilirudi mchana nikakuta chai iko kwenye chupa, kikombe kimefunikwa na kisahani, na yeye ameondoka na lori la mahindi. Chai ilikuwa bado ya moto, kwa hiyo lori lilikuwa halijafika mbali, lakini sikumkimbilia. Nilikaa nikanywa.

Alirudi mwaka uliofuata, alipopata kazi kwenye zahanati. Tukakaa Namanyere miaka 11 na ndiye aliyekataa kuhama.

Shangazi_Theluji
Mwalimu, shikamoo. Hicho kikombe nimekiona.

Dereva_Bajaj
Hivi kuna Waswahili wowote karibu na huko au mtu atabaki anaongea na dampa?

Papa Zawadi
Bwana asifiwe ndugu zangu wote. Mimi ni Mukongomani, natoka Fizi, nilikaa Nyarugusu miaka mingi, sasa niko Twin Falls, Idaho. Ndugu Spana, musiogope. Kutoka kwetu mpaka Elko ni saa mbili na nusu na gari, unashuka barabara ya 93, unapita Jackpot, unafika Wells, unapinda kulia. Huku tuko wengi, Wakongomani, Warundi pia. Wengi wanafanya kazi kwenye kiwanda cha yogati ya Chobani ama kwenye maziwa. Kanisa letu ibada ni Kiswahili, kwaya mbili, tunaanza saa nne tunamaliza wakati Roho anapenda.

Mimi nasema ukweli, si kila Yumapili mutaweza kuja, na wakati wa theluji musijaribu. Lakini mara moja kwa mwezi muje, mulale kwetu. Bibi yangu atafurahi. Unga uko, sombe iko, ndagala kavu ziko.

Spana17
Papa Zawadi, Mungu akubariki. Umenipa nguvu kweli.

Basi nadhani picha imekamilika. Wiki hii nitakaa na mama watoto nimweleze vizuri.

MkeHanaShida (mwanachama mpya, ujumbe wa 1)
Wakubwa wote shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ndiye mke hana shida.

Baba Ima aliacha kompyuta wazi mezani juzi usiku, nikataka kuifunga nikaona picha ya spana. Nimesoma uzi wote toka juu nikiwa nimesimama, maji ya ugali yakakauka jikoni. Mmenijadili kurasa tatu, nikaona si vibaya na mimi nikichangia.

Kwanza nirekebishe hesabu. Siyo saa 30. Tangu Oktoba nafanya 36, niliongeza zamu ya Jumamosi. Baba Ima hajui kwa sababu Jumamosi huwa amelala. Kaka Mhasibu, kwa hiyo weka 684, na huo upungufu wako ni 475.

Pili, yeye anafikiri nitalia kuhusu baridi. Mimi ni wa Njombe, nimepiga mswaki na maji yenye barafu toka nina miaka mitano. Baridi siyo hoja yangu.

Hoja yangu ni kwamba nimebakiza masomo mawili kabla ya kuomba kuingia uuguzi kamili, na moja nalifanya muhula huu, anatomia ya pili, mtihani tarehe 8 Mei. Hilo pia hajalitaja hapo juu. Siyo kwamba ananificha, ni kwamba kwake bado ni "yale masomo yako". Nilipoona barua ya ofa mlangoni wiki mbili zilizopita (bahasha ilikuwa na anwani ya Elko, na mimi najua kusoma) niliwapigia chuo cha kule, Great Basin College, siku yangu ya mapumziko. Kipo Elko hapo hapo na uuguzi wanafundisha. Dada aliyepokea alinieleza dakika 20 bila haraka, Dallas hujawahi kupata mtu wa kukusikiliza dakika 20. Cheti cha CNA kila jimbo lina daftari lake, kwa hiyo cha Texas lazima nikihamishie kwanza Nevada. Nimeshachukua fomu.

Kwa hiyo sijakataa. Ila sitakwenda mahali nimepaona kwa ramani na picha za Julai. Twende sasa, Januari, wakati pameoza. Na hizo dola 5,000 zisiguswe.

Shangazi, ile sauti iliyokwama dukani nimeielewa. Mimi hapa Dallas penye watu milioni na ushei imewahi kunitokea.

Mzukulu_wa_Pili
Niliweka kiti, sasa nimelala chini.

Mhasibu wa Kijiweni
Shemeji, 475 nimethibitisha. Naomba radhi kwa niaba ya chama.

Spana17
Nimesoma. Nimesoma mara mbili. Nipo sebuleni, yeye yuko chumbani, tunasoma uzi mmoja kila mtu na simu yake.

Nimeomba waniongezee wiki mbili za kujibu. Wamekubali.

Spana17
Mrejesho, wakuu, maana najua mnasubiri.

Tulikwenda. Watoto tulimwachia jirani. Tukaruka mpaka Salt Lake City, tukakodi gari. Baharia hakudanganya hata nukta. Pale Pequop upepo ulikuwa unavusha theluji barabarani kama vumbi la Kahama mwezi wa Agosti, tofauti ni rangi. Kipimo cha gari kilisoma 14 chini ya sifuri za Selsiasi. Mama Ima akasema "sawa na shamba la babu kukipambazuka", nikajua ananitania, lakini mikono alikuwa ameikalia.

Hoteli ya kwanza imejaa, ya pili imejaa. Kumbe tumeangukia wiki ya mkusanyiko wa wachunga ng'ombe wanaoghani mashairi, wanaufanya pale toka 1985. Wazee wa kofia kubwa na masharubu wanasimama jukwaani wanaghani habari za farasi aliyekufa na watu wanafuta machozi. Mwalimu ungependa. Tukapata chumba cha mwisho kwenye kasino, usiku kucha mashine zinalia ti-ti-ti chini yetu.

Tukala kwa Wabaski. Meza ndefu, bakuli la supu likaja likapita mkono kwa mkono. Mzee aliyekaa mbele yetu akauliza tunatoka nchi gani, nikasema Tanzania. Akaweka kijiko chini akasema "Kahama?" Siyo kama mtu aliyesoma jina kwenye gazeti, kama mtu aliyekula vumbi lake. Alifanya kazi kule miaka miwili, mambo ya uchorongaji. Nikafurahi mpaka nikamshika mkono. Namtazama mke wangu nione kama na yeye limemgusa, namkuta anamuuliza mke wa yule mzee daktari wa watoto yuko mtaa gani na mtoto akizidiwa inakuwaje. Yule mama akamwambia waziwazi: hospitali ipo, na ni nzuri kwa mambo ya kawaida, lakini likiwa zito mgonjwa anarushwa kwa ndege au helikopta kwenda Salt Lake City au Reno, na watu wengi wanalipia uanachama wa ndege za wagonjwa kila mwaka wasije wakafilisika. Hilo mimi sikuwa nimelifikiria kabisa, na mimi ndiye niliyekuwa nakusanya taarifa.

Kesho yake tukaingia duka la Wamexico, na wako wengi pale. Amezunguka kimya, anashika hiki anarudisha. Kwenye rafu ya chini akakuta mfuko wa mahindi meupe makavu yaliyokobolewa. Akaubeba, akaupima kwa mkono, akasema "makande haya". Akanunua mifuko miwili, tumerudi nayo Dallas kwenye sanduku la nguo. Mimi sikuuliza kitu. Nimejifunza.

Akaenda chuoni peke yake, nikamsubiri garini na hita inawaka. Alikaa saa nzima na robo.

Tulichoamua: naanza Machi, peke yangu, nimepata chumba Spring Creek kwa mfanyakazi mwenzetu. Hela ya kuhamia sijaisaini, wamekubali ibaki mezani mpaka mwisho wa miezi mitatu ya majaribio. Sanduku langu la spana linakwenda, lile nililolilipa kidogo kidogo miaka minne, linabebwa na watu wawili wenye roho ngumu. Sitanunua nyumba. Bei ya dhahabu mwaka 2025 ilipita dola 3,000 kwa wakia na kila mtu pale anacheka, lakini yule mzee wa Kahama aliniambia miaka ya mwisho ya tisini ilishuka chini ya 300 na nusu ya mtaa wake uliwekwa vibao vya kuuza.

Shangazi_Theluji
Gillette ilikuwa hivyo hivyo mwaka 2016, makaa ya mawe yalipoyumba. Pangeni. Na mwanangu, usiende kulala Jumamosi tu.

Papa Zawadi
Ndugu Spana, Machi ukiwa peke yako usikule mkate kila siku. Piga simu.

Dereva_Bajaj
Shemeji MkeHanaShida, sasa wewe na watoto mnaenda au hamwendi? Uzi umekaa pabaya.

MkeHanaShida
Kaka, mimi nina mtihani tarehe 8 Mei. Tarehe 9 niulize tena.

Ila kuna jambo moja tumeshakubaliana, na naliandika hapa ili liwe na mashahidi. Zile siku nne za nyumbani ni zamu yake. Kupika, shule, kufua, na nywele za mtoto. Elko nimeuliza sehemu tatu, hakuna anayejua kusuka, na Twin Falls ni saa mbili na nusu.

Spana17
Nimeanza jana na twende kilioni. Imepinda kushoto, lakini mtoto ameenda nayo shule.